Bwawa la mafuriko si la kujazwa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bonde la Mkondoa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji. Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Morogoro. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Shirika la Reli Tanzania. Na Wakurugenzi wa Halmashauri za Chamwino, Mpwapwa na Kilosa.

YAH: NANI ATALITUNZA TUTA BAADA YA KUKABIDHIWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kilosa. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi sanifu wa maji vijijini, na nilipostaafu nilibaki hapa hapa. Masika yanapokaribia, bado naangalia mawingu ya upande wa Dodoma kuliko yale yaliyo juu ya paa langu. Kila mkazi wa mji huu anajua sababu. Maji yanayotumaliza hayanyeshi kwetu.

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili hata asiyepata nafasi ya kufika mwisho wa barua awe amelisoma. Tafadhali msijenge wala kufufua tuta lolote la udongo la kuzuia mafuriko katika bonde hili kabla hamjaandika, kwa jina la ofisi na kwa kifungu cha bajeti, nani atalitunza, na maji yake yataruhusiwa kukaa hadi kimo gani. Mkishaandika hayo, jengeni. Nitakuwa wa kwanza kushika koleo.

Wengine wenu mnalijua bonde hili kwa ramani, kwa hiyo niruhusuni niwapitishe. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya nchi kavu ya Dodoma, nchi ya udongo mwekundu, makorongo na miti michache. Unapita Gulwe na Godegode wilayani Mpwapwa, unafika Kidete, kisha unabanwa kati ya milima ya Ukaguru na Rubeho. Humo ndimo unapochukua jina la Mkondoa, na unateremka kwa kasi hadi Kilosa kabla ya kwenda kuungana na Wami na kumwagika Bahari ya Hindi. Kwa miezi mingi sehemu za juu za mto huu ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Ikinyesha mvua moja kubwa huko juu, mchanga ule ule unageuka mto wa tope unaobeba magogo.

Wajerumani walipoitandaza reli kutoka Morogoro kwenda Dodoma kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliipitisha kwenye mwanya huo huo wa Mkondoa kwa sababu ndio uliokuwa rahisi kuliko kupanda milima. Tangu hapo mto na reli vinagombea njia moja. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimesombwa mara nyingi kiasi kwamba wazee wa reli hapa wanahesabu miaka kwa mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja kingo zake, watu zaidi ya 20,000 wakakosa makazi, na treni zikasimama kwa miezi. Familia zilizokuwa na nyumba za matofali zilihamia kwenye mahema, na nyingine zilikaa humo muda mrefu mno. Wataalamu wa Japani walikuja baadaye kuchunguza namna ya kukikinga kipande hicho cha reli. Sasa tunayo pia reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kupita Kilosa na Kidete hadi Dodoma. Thamani ya vitu vilivyo chini ya matuta ya huko juu imepanda sana, na uangalizi wa matuta yenyewe ulipaswa kupanda nayo.

Kila baada ya mafuriko jina la bwawa la Kidete linarudi midomoni, pamoja na mabwawa mengine ya juu yake. Viongozi wanafika, wanasimama ukingoni, wanasema bwawa litajengwa. Sina ubishi na hilo. Matuta ya udongo yaliyowekwa mahali pake, madogo na mengi, yanaweza kuupunguza nguvu mto wa namna hii, na yanajengwa kwa udongo uliopo, mashine za kawaida na nguvu za watu wa hapo. Ninachoogopa ni kwamba tutajenga tena kitu ambacho hatujakubaliana ni cha nini.

Kwa sababu bwawa la kuzuia mafuriko, waheshimiwa, linafanya kazi likiwa tupu.

Nieleze kwa hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba ataifuata. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eneo la kilomita za mraba 10, hayo ni maji mita za ujazo 500,000. Tuseme theluthi moja inatiririka na iliyobaki inazama ardhini: karibu mita za ujazo 170,000 zinakuja kwenye korongo moja ndani ya saa chache. Tuta likiwepo, na nyuma yake pakiwa na nafasi ya kutosha, maji hayo yanasimama. Bomba lililolazwa chini ya tuta linayatoa polepole, tuseme lita 200 kwa sekunde, na nafasi ile inarudi kuwa tupu baada ya takribani siku kumi. Walio chini wanaona mto umepanda kidogo na kukaa hivyo kwa wiki moja na zaidi, badala ya ukuta wa maji wa saa tatu. Hiyo ndiyo kazi yote ya bwawa hilo. Likikutwa na mvua hali limejaa hadi kwenye utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kupitishia maji yaliyozidi, mafuriko yanapita juu yake karibu kama yalivyokuja, na sasa yana tuta la udongo la kuguguna.

Lakini nani, katika nchi ambayo ng'ombe wanatembea nusu siku kutafuta maji, atavumilia kuona bwawa limeachwa tupu kwa makusudi?

Niliona jambo hilo kwa macho yangu katika kijiji ambacho sitakitaja. Mradi ulijenga tuta kukinga mashamba ya mpunga na nyumba zilizo bondeni. Kazi ilikuwa nzuri: udongo wa mfinyanzi ulishindiliwa kwa matabaka, kando zililazwa kwa mteremko wa wastani, utoro ulichimbwa upande penye ardhi ngumu. Siku ya makabidhiano pakawa na ngoma na pilau. Kiangazi cha kwanza wanakijiji walishangaa maji yameisha mapema, kwa sababu bomba la chini lilikuwa wazi kama lilivyosanifiwa. Wakaliziba. Mwaka uliofuata wakapanga viroba vya mchanga kwenye utoro ili maji yapande zaidi. Vilipooza wakajenga kiukuta cha saruji. Maji yakawa yanafika Oktoba, wakapandikiza perege, akina mama wakalima nyanya na mchicha, mifugo ikanywa hapo hapo kwa kuvuka juu ya tuta. Kijiji kilineemeka. Niseme wazi kwamba kila hatua waliyochukua ilikuwa ya akili, ukiitazama peke yake.

Kisha ikaja mvua moja ya Machi. Maji yalipanda, yakakuta utoro umefungwa, yakatafuta mahali palipo chini kuliko pengine, napo palikuwa njia ya ng'ombe juu ya tuta. Yalianza na mfereji mwembamba. Kufikia alfajiri hapakuwa na tuta, na mashamba ya mpunga yalikuwa yamefunikwa mchanga. Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Ofisi iliyosimamia mradi ilipofika iliandika kwamba wananchi wameharibu miundombinu. Mzee mmoja akajibu mbele yetu sote: "Mlituletea bwawa, hamkutuambia kwamba halitakiwi kuwa na maji."

Sijapata kusikia tathmini ya mradi iliyo sahihi kuliko hiyo.

Kwa hiyo nawaomba mkubali mapema kwamba bwawa lolote katika nchi kame litatakiwa kuwa lambo pia, na mlisanifu hivyo kwa uwazi. Inawezekana. Sehemu ya chini ya bwawa iachiwe maji ya mifugo, samaki na bustani. Sehemu ya juu ibaki tupu kwa ajili ya mafuriko, na mdomo wa bomba la kutolea uwekwe kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili ili maji yakivuka hapo yashuke yenyewe bila kumsubiri mtu mwenye ufunguo. Pasimikwe nguzo ya zege ndani ya bwawa yenye rangi mbili, ya maji yetu na ya mafuriko, ambayo mtoto anayechunga mbuzi ataielewa. Utoro ujengwe kwa mawe na upana wake usiwe wa kuzibika kwa viroba vichache. Mabirika ya kunyweshea yawekwe chini ya tuta na maji yafike huko kwa bomba, ili ng'ombe wasiwe na sababu ya kupanda. Tuta litakuwa refu zaidi na gharama itaongezeka. Hiyo ndiyo bei halisi ya bwawa. Ile ndogo inayoandikwa kwenye andiko la mradi ni ya bwawa ambalo watu hawatakubaliana nalo.

Nikija kwenye utunzaji, ambako moyo wangu ndiko ulipo. Tuta la udongo halifi ghafla. Linakufa kwa mambo madogo yanayoonekana na mtu anayepita kila wiki, na yasiyoonekana kabisa na msafara unaokuja kila baada ya miaka mitano. Mhanga anachimba shimo. Nungunungu analipanua. Mchwa wanajenga kichuguu, na njia zao zinaingia ndani kuliko unavyodhani. Mti unaota kando, mizizi yake inatafuta maji ndani ya tuta; ukikatwa ovyo, mizizi inaoza na kuacha mirija. Juu ya tuta udongo unatulia na kushuka, na palipokuwa na kimo cha ziada cha mita moja panabaki nusu yake. Hatari kubwa kuliko zote iko kando ya bomba la kutolea maji, mahali ambapo mashine ya kushindilia haifiki vizuri siku ya ujenzi: maji yanajipenyeza pembeni mwa bomba na kuchukua udongo chembe kwa chembe.

Mlinzi wa bwawa anaweza kufundishwa hayo yote kwa siku chache. Apande ukoka juu ya tuta na kung'oa kila mche wa mti ukiwa mdogo. Aondoe matakataka mdomoni mwa bomba kabla ya mvua na baada ya kila mvua. Azunguke chini ya tuta, upande mkavu, akitafuta pale panapolowa. Akikuta maji yanayovuja ni meupe, aandike tarehe na kiasi. Akikuta yanatoka na udongo, apige simu usiku huo huo, na awepo wa kuipokea. Kwa kazi hiyo anahitaji posho inayofika kwa wakati, buti, panga, koleo, toroli na daftari. Sijawahi kuona bwawa dogo lenye mtu wa namna hiyo kwenye orodha ya malipo ya kudumu. Nimeona kamati za maji za wajumbe wengi, nusu yao wakiwa hawakumbuki walichaguliwa lini.

Mtaniambia sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazungumzia usalama wa mabwawa na mafuriko, na kanuni za usalama wa mabwawa zilifuata. Bodi za mabonde zipo, na watumishi wake ninaowajua ni watu wa bidii. Tatizo liko kwenye mpaka wa majukumu. Bwawa liko ndani ya ardhi ya kijiji, limejengwa kwa fedha za wizara au za mfadhili, limekabidhiwa kwa halmashauri, linakinga reli ya shirika jingine na mji wa mkoa mwingine. Anayebeba hasara likivunjika yuko Kilosa. Anayetakiwa kufyeka vichaka yuko Mpwapwa au Chamwino, na yeye hafaidiki chochote kwa kulinda nafasi tupu. Mnategemea vipi mtu atunze kwa jasho lake kinga ya nyumba ya mwenzake aliye mwendo wa siku mbili? Reli na mji uliokingwa wachangie. Hilo ni jambo la kukaa mezani, Shirika la Reli, halmashauri tatu na Bodi, na kugawana gharama kwa maandishi.

Wenzetu wa Marekani walilipitia hili zamani. Tangu 1948, walipomaliza bwawa la kwanza la aina hii kwenye kijito cha Cloud Creek huko Oklahoma, wamejenga mabwawa madogo ya udongo zaidi ya 11,000 kwa ajili ya mafuriko ya vijijini, mengi yakiwa chini ya sheria ya mwaka 1954. Sharti lilikuwa kwamba kabla serikali kuu haijajenga, awepo mdhamini wa pale pale, wilaya ya hifadhi ya udongo au serikali ya mtaa, anayetia saini kuwa atalitunza. Mengi yalisanifiwa kwa umri wa miaka 50. Na hata huko, penye saini, wadhamini wengi walikuja kukosa fedha matope yalipojaa na mabomba yalipochakaa, hadi mwaka 2000 Bunge lao likapitisha sheria ya kusaidia ukarabati. Naleta mfano huo kwa sababu unaonyesha kuwa saini ni mwanzo mzuri na kwamba bila fedha nyuma yake haitoshi.

Mfano mwingine unaumiza. Mji wa Derna, Libya, ulikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kuukinga na mafuriko ya korongo linalopita katikati yake. Mtaalamu wa maji wa huko huko aliandika mwaka 2022 kwamba hali ni ya hatari na matengenezo yanahitajika mara moja. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023 mabwawa yote mawili yalivunjika, na maelfu ya watu wakasombwa hadi baharini wakiwa wamelala. Yalikuwa makubwa kuliko yetu, hilo nalijua. Lakini watu wale walijenga nyumba zao kandokando ya korongo kwa sababu waliambiwa wamekingwa. Hapa Kilosa nako, kila tangazo la bwawa jipya linafuatwa na msingi mpya wa nyumba karibu na mto. Na majirani zetu wa Solai, Nakuru, walipoteza zaidi ya watu 40 usiku wa Mei 9, 2018 kwa bwawa la udongo la shambani ambalo wengi nje ya eneo lile hawakuwa wamelisikia kabla ya siku hiyo. Udogo wa bwawa haumsaidii aliyelala chini yake.

Halafu kuna matope. Mabwawa ya Dodoma yanajaa udongo kwa kasi ya kutisha, na hilo halikugunduliwa jana. Mwaka 1972 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walichapisha vipimo vyao kwenye mabonde ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, yote jirani na Dodoma, wakaonyesha kwamba mmomonyoko wa mashamba na malisho ulikuwa ukiyafupisha maisha ya mabwawa hadi miongo michache tu. Ikowa lilijengwa miaka ya 1950. Fanyeni hesabu wenyewe. Bwawa la mafuriko lililojaa matope ni sawa na lililojaa maji, tofauti ni kwamba matope hayatoki kwa bomba. Ndiyo maana naomba kila bwawa lipimwe kina chake kila baada ya miaka michache, kwa mtumbwi, kamba na uzito kama hakuna kifaa kingine, na takwimu zibandikwe ofisi ya kijiji.

Huko juu kwenyewe kazi ya hifadhi ya ardhi haikwepeki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Kondoa si ya bonde letu, na namna wafugaji walivyohamishwa haikuwa ya kuigwa. Lakini makorongo yalianza kuota nyasi, na ushahidi huo uko pale kwa yeyote anayetaka kwenda kuuona. Tunaweza kufanya kwa makubaliano kile kilichofanywa kule kwa amri: makinga maji mashambani, malisho ya kupumzisha kwa zamu, miti kando ya vijito. Fedha kidogo ya kila tuta ielekezwe huko, tena kabla ya tuta lenyewe.

Sasa niseme ninachotarajia kutoka kwenu mwaka huu, maana barua bila tarehe huishia kwenye jalada. Kabla mvua hazijaanza Novemba, Bodi itoe hadharani orodha ya matuta yote ya udongo katika bonde la Kinyasungwe na Mkondoa, makubwa kwa madogo, hata yaliyobomoka, na mbele ya kila moja iandikwe: mmiliki, mtunzaji, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na kama utoro wake uko wazi. Palipo patupu paachwe patupu tuone. Halmashauri tatu ziajiri walinzi kwa mabwawa ambayo chini yake kuna makazi, kwa kuanzia tu na hayo. Shirika la Reli na Bodi waweke mfumo wa simu kutoka Gulwe na Kidete hadi kwa mtendaji wa kila kata iliyo kando ya Mkondoa, ujaribiwe mchana kweupe watu wakiwepo, ili usiku wa mafuriko usiwe mara ya kwanza kutumika. Na kwa bwawa lolote jipya, mikutano ya vijiji vya juu na vya chini ifanyike pamoja, mahali pamoja, kabla ya michoro kutiwa saini, wale wanaotaka maji wakae na wale wanaoyaogopa.

Mimi nipo. Nimeshawafundisha vijana watatu wa hapa kusoma tuta, na wako tayari kwenda na wakaguzi wenu popote kati ya Kilosa na Gulwe bila kudai zaidi ya nauli na chakula. Mkituma mtu, apite ofisi ya kata, wananifahamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa maji mstaafu,
Kilosa